Mali Isiyo na Mwenyewe: Usimamizi wa Mashirika Yasiyogawa Faida

1.0 Utangulizi

Chama cha Kiswahili katika chuo kikuu, kikundi cha kina mama wanaopanda miti, shirika la kutetea haki za wafungwa na kituo cha watoto mayatima hutofautiana mno kwa ukubwa, umri na shabaha. Hata hivyo, vyote vina sifa moja inayoviunganisha: hushika mali ambayo hakuna mtu hata mmoja awezaye kusimama na kusema ni yake. Sifa hii ndiyo asili ya heshima ya mashirika haya, na ndiyo asili ya maradhi yake. Duka likiendeshwa vibaya, mwenye duka huona hasara jioni ya siku hiyohiyo. Chama kikiendeshwa vibaya, huenda asiwepo wa kuona hasara hiyo mpaka siku ya kongamano itakapowadia na ukumbi usilipiwe, au mpaka jarida litakapokosa kutoka mwaka wa pili mfululizo.

Makala haya yanafafanua jinsi mashirika ya aina hii yanavyopaswa kuendeshwa, kwa kuzingatia mihimili mitatu: bodi, uchangishaji na usimamizi wa fedha. Inahojiwa kwamba mihimili yote mitatu ni majibu ya swali moja, yaani, mali isiyo na mwenyewe italindwa na nani? Mifano imetolewa hasa nchini Kenya. Vyama vya wanafunzi vimepewa nafasi maalumu kwa kuwa humo ndimo wasomi wengi wa Kiswahili hukabidhiwa mali ya wenzao kwa mara ya kwanza.

2.0 Utata wa Istilahi

Katika Kiswahili, mashirika haya yamepewa majina kadhaa. Huitwa mashirika yasiyo ya kiserikali, mashirika yasiyo ya faida, mashirika ya hisani na, katika miaka ya karibuni, mashirika ya manufaa ya umma. Kila jina lina upungufu wake, lakini jina linalopotosha zaidi ni lile la 'yasiyo ya faida'.

Neno 'faida' katika Kiswahili hubeba maana mbili. Maana ya kwanza ni manufaa, kama isemwavyo kwamba kitabu fulani kina faida kwa msomaji. Maana ya pili ni pato linalobaki baada ya gharama kuondolewa. Kwa maana ya kwanza, shirika lisilo na faida ni shirika bure kabisa, lisilostahili kuwepo. Kwa maana ya pili, jina hilo huleta dhana kwamba shirika halipaswi kubakiwa na hata senti moja mwisho wa mwaka. Dhana zote mbili si sahihi. Shirika la aina hii linaweza kuuza vitabu, kutoza ada ya kongamano, kulipa wafanyakazi mishahara na kubakiwa na ziada. Kisichoruhusiwa ni kuigawa ziada hiyo kwa wanachama, wanabodi au waanzilishi. Ni sharti irudi katika kazi iliyoliunda shirika. Kwa hivyo, istilahi 'shirika lisilogawa faida' ni bayana zaidi, na ndiyo inayotumiwa katika makala haya.

Dhana yenyewe si ngeni kwa Waswahili. Wakfu, ambao umekuwa sehemu ya maisha ya miji ya pwani kwa karne nyingi, umejengwa juu ya msingi uo huo. Mtu akiiweka nyumba au shamba wakfu kwa ajili ya msikiti, madrasa au mafukara, mali hiyo haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, na yeye mwenyewe hawezi kuirudisha mikononi mwake. Mapato yake husimamiwa na mutawali, ambaye ni mwangalizi tu wala si mmiliki. Huko Zanzibar, chombo cha serikali kinachosimamia mali hizi huitwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Neno 'amana' katika jina hilo linafaa kukumbukwa na kila anayechaguliwa kuwa kiongozi wa chama: kilicho mikononi mwake ni amana, na amana ina siku ya kurejeshwa.

3.0 Sura za Kisheria Nchini Kenya

Kifungu cha 36 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Aidha, kinaeleza kuwa usajili usinyimwe wala kufutwa bila sababu ya haki. Baada ya hapo, waanzilishi wana njia kadhaa za kuchagua. Wanaweza kusajili chama chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, ambayo inahusu muungano wa watu kumi au zaidi. Wanaweza kuunda kampuni yenye dhamana isiyo na hisa, au kuweka mali chini ya wadhamini. Mashirika makubwa ya maendeleo kwa miaka mingi yalisajiliwa chini ya Sheria ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 1990.

Sheria hiyo ya 1990 imepitwa na wakati. Bunge lilipitisha Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ikatiwa saini mwezi wa Januari 2013, lakini ikakaa zaidi ya miaka kumi na moja kabla ya kuanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Kwa mtazamo wa lugha, mabadiliko haya yana uzito. Sheria ya kwanza iliyaeleza mashirika kwa kile ambayo siyo, yaani si ya serikali. Sheria ya pili inayaeleza kwa kile yanachopaswa kuwa, yaani chombo cha kuufaa umma. Shirika linaloitwa la manufaa ya umma haliwezi kukwepa swali la umma kuhusu manufaa hayo.

Vyama vya wanafunzi aghalabu husajiliwa na chuo chenyewe, na huwa na mlezi ambaye ni mhadhiri. Hata hivyo, masharti ya Sheria ya Vyama ni kigezo kizuri kwao pia. Miongoni mwayo ni kuweka orodha ya wanachama, kuweka daftari za hesabu, na kuitisha mkutano mkuu walau mara moja kwa mwaka ambapo wanachama husomewa mapato na matumizi. Chama kisichoweza kuwataja wanachama wake kwa majina hakiwezi kujua ni nani mwenye haki ya kupiga kura.

4.0 Bodi: Macho ya Wasiokuwepo

Kwa kuwa mali haina mwenyewe, hapana budi kuwe na watu watakaosimama mahali pake. Watu hao huitwa bodi, kamati kuu au baraza la wadhamini kutegemea katiba ya shirika. Bodi huwawakilisha watu ambao hawamo chumbani: mchangiaji aliye mbali, mwanachama wa kawaida, na zaidi ya wote mlengwa ambaye shirika liliundwa kumfaa.

Wajibu wa mwanabodi unaweza kugawika mara tatu. Kwanza ni uangalifu. Anatakiwa kusoma taarifa kabla ya mkutano, kuuliza maswali na kutotia saini asichokielewa. Pili ni uaminifu kwa shirika. Anapoamua jambo, maslahi ya shirika hutangulia maslahi yake, ya jamaa zake na ya marafiki zake. Tatu ni utiifu kwa katiba na lengo la shirika. Fedha zilizochangwa ili kuchapisha kamusi haziwezi kugeuzwa kuwa nauli za ziara, hata kama wanabodi wote wameridhia.

Wajibu wa pili ndio unaojaribiwa mara nyingi. Mathalan, chama kinatafuta mpiga chapa wa jarida, na mwenyekiti ana ndugu mwenye duka la uchapaji. Uhusiano huo peke yake si kosa. Huenda ndugu huyo ndiye mwenye bei nafuu kuliko wote. Utaratibu unaotakiwa ni mwenyekiti kuutaja uhusiano huo mapema, kutoka chumbani wakati wa mjadala, bei za wachapaji wengine walau wawili kulinganishwa, na uamuzi kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Uhusiano uliotajwa huweza kupimwa. Uhusiano uliofichwa, hata ukiwa umeliokolea shirika fedha, huacha shaka isiyofutika.

Mipaka baina ya bodi na watendaji ni suala jingine. Wahenga walinena kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Katika shirika lenye mkurugenzi na wafanyakazi, kazi ya bodi ni kuamua mwelekeo, kupitisha bajeti, kumwajiri na kumpima mkurugenzi, na kuhakikisha kuwa hesabu ni za kweli. Si kazi ya bodi kuchagua aina ya karatasi wala kumtuma tarishi. Kinyume chake, mkurugenzi naye hapaswi kuiandikia bodi maamuzi ili iyagongee muhuri. Ishara ya bodi iliyolala ni kumbukumbu ambamo kila hoja imepita bila swali hata moja.

Katika vyama vidogo hali huwa tofauti kwa sababu wanakamati ndio watendaji. Katibu huandika barua na pia huamua barua ipi iandikwe. Hapa tiba ni kutenganisha nyakati: kikao cha kamati kiwe na sehemu ya utendaji na sehemu ya uangalizi, ambapo mlezi na wanachama wawili watatu wasio na vyeo huzipitia hesabu. Vilevile, katiba itaje akidi, yaani idadi ya chini ya watakaohudhuria ili mkutano uwe halali, na iweke kikomo cha vipindi vya uongozi. Shirika lisiloweza kumbadilisha mwanzilishi wake limekwisha kuwa mali ya mwanzilishi huyo, hata kama hati za usajili zinasema vingine.

5.0 Uchangishaji: Kutoka Harambee Hadi Mfadhili

Kenya ina historia ndefu ya kuchangisha. Wito wa harambee ulipata nguvu wakati wa uhuru mwaka 1963 chini ya Jomo Kenyatta, na katika miongo iliyofuata wananchi walijenga kwa michango yao shule nyingi za upili, zahanati na miradi ya maji. Hapo methali ya haba na haba hujaza kibaba ilitimia mbele ya macho ya watu. Lakini mfumo huohuo ulikuja kuugua. Michango ikawa jukwaa la wanasiasa la kujipatia sifa, na watumishi wa umma wakalazimishwa kuchanga. Mwaka 2003, Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma iliwazuia watumishi kutumia ofisi zao kuchangishia, na mwaka huohuo jopo liliundwa kuichunguza michango ya umma.

Somo la harambee si kwamba kuchanga ni kubaya. Somo ni kwamba sherehe ya kutoa haitoshi. Katika harambee nyingi, jina la mtoaji na kiasi alichotoa vilitangazwa kwa kipaza sauti. Ni mara chache watu wale wale walipoitwa tena kutangaziwa kilichonunuliwa. Uchangishaji uliokamilika una sehemu mbili, yaani kuomba na kurudi kueleza, na sehemu ya pili ndiyo inayofungua mlango wa mchango unaofuata.

Chanzo cha pili ni wafadhili wakubwa, wa ndani na wa nje. Hawa huhitaji andiko la mradi linaloeleza tatizo, shughuli, bajeti na namna matokeo yatakavyopimwa. Swali la kupima matokeo halipaswi kuonwa kuwa usumbufu wa kigeni. Vuguvugu la Green Belt, lililoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977, liliwalipa wanawake kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche uliosalia hai baada ya kupandwa, si kwa kila mche uliochomekwa ardhini. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili, kupanda na kusalia, ndiyo tofauti ya shirika linalohesabu shughuli na shirika linalohesabu manufaa. Chama cha Kiswahili nacho kinaweza kujiuliza iwapo kinahesabu nakala za jarida zilizochapishwa au zilizofika mikononi mwa wasomaji.

Hatari ya ufadhili ni utegemezi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje, na shirika lake la misaada, USAID, likakoma kuendesha programu hizo tarehe 1 Julai mwaka huo. Nchini Kenya, kama kwingineko, mashirika yaliyokuwa yakitegemea chanzo hicho yaliwaachisha kazi wafanyakazi na kufunga huduma kwa muda wa majuma machache. Mengine hayakuwa yametenda kosa lolote la kihesabu. Kosa lilikuwa katika muundo: mguu mmoja ulibeba mwili mzima. Kwa sababu hiyo, bodi yenye busara huuliza kila mwaka ni sehemu gani ya mapato inayotoka kwa mtoaji mmoja, na ni kazi gani itakayosimama akiondoka.

Ada za wanachama, japo ndogo, zina thamani ambayo ruzuku haina. Hazina masharti, na zinampa kila aliyetoa haki ya kuuliza. Mwanachama aliyelipa shilingi 200 ana sababu ya kuhudhuria mkutano mkuu. Asiyelipa chochote huja kusikiliza hotuba tu.

6.0 Fedha: Daftari Kabla ya Imani

Methali ya mali bila daftari hupotea bila habari imebeba kanuni ya kwanza ya uhasibu. Ikumbukwe kuwa methali haisemi mali huibwa. Inasema hupotea. Katika mashirika mengi fedha haziibwi na mwizi, bali huyeyuka katika nauli zisizoandikwa, mikopo midogo ya kirafiki na risiti zilizofuliwa mifukoni.

Kinga ya msingi ni kugawa majukumu. Anayeidhinisha malipo asiwe ndiye anayelipa, na anayelipa asiwe peke yake anayeandika daftari. Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, na kila malipo yahitaji wawili kati yao. Fedha za matumizi madogomadogo ziwekwe kwa kiwango kisichobadilika, tuseme shilingi 5,000. Wakati wowote zinapokaguliwa, jumla ya fedha taslimu na risiti lazima iwe 5,000 kamili. Zikikaribia kwisha, risiti huwasilishwa na kiwango hurejeshwa. Utaratibu huu ni mwepisi hata kwa mwekahazina asiyepata kusomea uhasibu.

Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, michango mingi imepitia simu. Urahisi huu umeleta mtego mpya. Mchango ukitumwa kwa nambari ya simu ya kiongozi, huchanganyika na karo yake, kodi yake ya nyumba na zawadi za jamaa zake. Hata akiwa mwadilifu kupindukia, hawezi tena kuuthibitisha uadilifu huo. Nambari ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la chama humlinda mchangiaji, na zaidi ya hapo humlinda kiongozi mwenyewe. Kila mwezi, daftari lilinganishwe na taarifa ya benki na ya simu, na tofauti yoyote ielezwe kwa maandishi.

Jambo linalowatatiza wengi ni tofauti kati ya fedha zenye masharti na fedha huru. Mfano wa kubuni utalibainisha. Chama kina shilingi 70,000 katika benki mwishoni mwa mwaka. Kati ya hizo, 55,000 zilitolewa na mfadhili kwa ajili ya kongamano la mwaka ujao. Mpiga chapa anadai 40,000 za jarida. Mwekahazina anayetazama salio peke yake atasema chama kinaweza kulipa na kubakiwa na 30,000. Ukweli ni kwamba fedha huru ni 15,000, na chama kina upungufu wa 25,000. Akimlipa mpiga chapa kwa fedha za kongamano, hajaiba, lakini ameivunja ahadi, na kongamano litakapofika hapatakuwa na wa kulipia ukumbi. Hivyo ndivyo vyama vingi hufa vikiwa na fedha benki. Dawa yake ni taarifa ya fedha inayoonyesha safu mbili, ya fedha huru na ya fedha zenye masharti, katika kila kikao.

Ziada iliyojadiliwa katika sehemu ya 2.0 hupata maana yake hapa. Mashirika mengi hulenga kuweka akiba inayotosha gharama za miezi mitatu hadi sita. Akiba si ulafi. Ni uwezo wa kutimiza ahadi pindi mfadhili anapochelewa.

7.0 Makabidhiano

Vyama vya wanafunzi vina tatizo ambalo mashirika mengine hukutana nalo mara chache: kila baada ya miaka michache viongozi wote huhitimu na kuondoka. Wakiondoka na nywila za barua pepe, vitabu vya risiti, orodha ya wanachama na mamlaka ya kutia saini benki, kizazi kinachofuata huanza upya, kikifikiri chama hakikuwahi kuwa na kitu. Ukosefu wa makabidhiano ni uharibifu wa mali ya umma hata pale ambapo hakuna senti iliyoibwa.

Makabidhiano yafaayo hufanywa kwa maandishi, mbele ya mlezi, na yana mambo yafuatayo: salio la benki na la simu siku hiyo, madeni ya chama na wanaodaiwa, orodha ya vifaa, ahadi zilizotolewa kwa wafadhili, nakala za kumbukumbu na za majarida yaliyopita, pamoja na barua ya kubadilisha watia saini benki. Pande zote mbili hutia sahihi. Kazi hiyo huchukua alasiri moja, nayo huokoa miaka.

8.0 Hitimisho

Imebainika kwamba bodi, uchangishaji na usimamizi wa fedha si taaluma tatu zilizotengana. Ni njia tatu za kumweka mwangalizi mahali ambapo hakuna mmiliki. Imeelezwa pia kuwa tafsiri ya istilahi si jambo dogo. Anayedhani shirika lisilogawa faida ni shirika lisilostahili kuwa na ziada ataliua kwa ufukara, na anayedhani kuwa kukosekana kwa mmiliki ni ruhusa ya kila mmoja kujitwalia ataliua kwa ulaji.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaochukua vyeo katika vyama vyao hawahitaji kungoja kuajiriwa katika mashirika makubwa ili wajifunze haya. Daftari la ada za shilingi 200, likiandikwa kila siku na kusomwa hadharani mwisho wa mwaka, linafunza kanuni ileile inayohitajika katika bajeti ya mamilioni. Atakayekifikisha chama mikononi mwa warithi wake kikiwa na hesabu zinazosomeka atakuwa ameirejesha amana, na jarida la mwaka unaofuata litakuwa na mahali pa kuanzia.